Kura Hazikutosha: Mwongozo wa Kushindwa Uchaguzi kwa Heshima

Sogea karibu, ndugu mgombea, tuongee taratibu. Namna ya kushinda umeshafundishwa na kila mtu. Umeonyeshwa fulana za kugawa, kanga za kina mama, spika za kufunga juu ya gari na pilau la usiku wa mwisho. Hakuna aliyekukalisha chini akakufundisha kushindwa, na hilo ndilo lina nafasi kubwa zaidi ya kukukuta. Kiti kimoja kikigombewa na watu saba, sita wanarudi nyumbani mikono mitupu. Basi leo tusome somo la wale sita.

Darasa letu liko hapa ninapoishi, Durban. Asubuhi ya 27 Aprili 1994, mzee wa miaka 75 alifika kwenye shule ya Ohlange, Inanda, nje kidogo ya mji huu, karibu na kaburi la John Dube, aliyeianzisha shule hiyo na baadaye akawa rais wa kwanza wa chama ambacho leo kinaitwa ANC. Nelson Mandela alikuwa hajawahi kupiga kura maishani mwake. Alipewa karatasi mbili, moja ya taifa na moja ya jimbo. Ile ya taifa ilimpeleka ikulu. Ile ya jimbo ilishindwa.

Ndiyo, ilishindwa. Nchi nzima ANC ilipata asilimia 62.65 ya kura, lakini jimbo la KwaZulu-Natal, ambamo Mandela, kiongozi wa ANC, aliamua kupigia kura yake ya kwanza, lilikipa chama cha Inkatha asilimia 50.3, na ANC ikaambulia 32.2. Ukiitazama picha ya siku ile, utamwona mzee anatabasamu huku karatasi ikiingia sandukuni. Wewe nawe jifunze tabasamu hilo. Hatua ni nane, na hakuna inayohitaji fedha.

1. Andika hotuba mbili

Usingoje matokeo. Wiki moja kabla ya kura, kaa peke yako uandike hotuba ya ushindi, kisha chukua karatasi nyingine uandike ya kushindwa. Ya pili itakuuma. Iandike hivyo hivyo, ukiwa bado na akili timamu, kwa sababu usiku wa matokeo utakuwa na njaa, usingizi na wapambe ishirini wanaokuambia umeibiwa.

Iwe fupi. Waswahili tumeshakutengenezea sentensi yake ya kwanza, nayo ina maneno mawili tu: kura hazikutosha. Haimtukani mpiga kura, haimsingizii mshindi, wala haisemi kwamba wewe hufai. Inasema kulikuwa na kipimo, nawe hukukifikia. Isome mbele ya kioo mpaka itoke bila kutetemeka.

Kisha itoe mapema. F. W. de Klerk, rais wa mwisho wa Afrika Kusini ya makaburu, alikubali kushindwa tarehe 2 Mei 1994, kura zikiwa bado zinahesabiwa. Matokeo rasmi yalitoka tarehe 6. Kwa siku hizo nne hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza, je, serikali itakubali kuondoka? Anayekiri mapema huyachagua maneno yake. Anayechelewa huchaguliwa maneno na wenzake, na hayawi mazuri.

2. Usisuse. Ingia, hata kama ni dakika ya mwisho

Najua utamu wa kususa. Ukisusa hushindwi, unabaki bingwa wa mechi ambayo haikuchezwa. Kila mtu mwenye kiburi, maana yake kila mtu, hupenda ushindi wa namna hiyo. Ukatae.

Mwaka 1994 Inkatha ya Mangosuthu Buthelezi ilisema haitashiriki. Tangu 31 Machi jimbo lilikuwa chini ya hali ya hatari. Kwenye vilima vinavyoizunguka Durban na Pietermaritzburg, watu wa Inkatha na watu wa ANC walikuwa wameuana kwa miaka kumi, jirani kwa jirani, mto huu na mto ule. Wapatanishi wakubwa walikuja, Henry Kissinger wa Marekani na Lord Carrington wa Uingereza, wakafungasha mabegi bila kupata kitu.

Aliyebaki ni mmoja wetu. Profesa Washington Okumu, Mkenya, alikataa kuondoka. Alimfuata Buthelezi mpaka uwanja wa ndege. Siku chache baadaye, Jumapili ya 17 Aprili, watu wakiwa wamejaa uwanja wa Kings Park hapa Durban kuiombea nchi amani, pembeni ya uwanja huo wakubwa wa pande zote walikuwa wameiinamia karatasi ya mapendekezo ya Okumu. Tarehe 19 mkataba ulitiwa saini. Ilikuwa imebaki kama wiki moja.

Karatasi za kura zilikuwa zimeshachapwa Uingereza, kwa mamilioni, bila jina la Inkatha. Kwa hiyo kilichapwa kibandiko: ukanda mwembamba wenye jina la chama, nembo na uso wa Buthelezi. Siku ya kura msimamizi anachukua karatasi, anaubandika ukanda chini kabisa, anaulainisha kwa kidole gumba, anamkabidhi mpiga kura. Inayofuata, vivyo hivyo, kutwa nzima. Sijui kitu kingine chembamba namna ile kilichookoa maisha ya watu wengi kiasi kile. Na waliobandikwa mwisho wa karatasi wakaibuka wa kwanza katika jimbo. Kwa hiyo ukiambiwa umechelewa, uliza kama gundi bado ipo.

3. Kabla ya kulia, hesabu waliozuiwa kupiga kura

Hapa nakurudisha nyuma miaka thelathini na nne, kwa watu walioshindwa vibaya.

Tarehe 5 Oktoba 1960 Waafrika Kusini weupe waliulizwa kama nchi iwe jamhuri na kumwacha Malkia wa Uingereza. Kati ya majimbo manne, matatu yalisema ndiyo, ingawa Cape ilikubali kwa kura 271,418 dhidi ya 269,784, tofauti isiyojaza uwanja mdogo wa mpira. Natal, jimbo la Durban, ilikataa kwa sauti kubwa: waliosema hapana walikuwa 135,598, waliosema ndiyo 42,299. Watatu kati ya wanne walikataa, lakini kwa hesabu ya nchi nzima wakashindwa: ndiyo 850,458, hapana 775,878. Tarehe 31 Mei 1961 jamhuri ikatangazwa.

Weupe wa Natal walikasirika. Yalizungumzwa ya kujitenga. Walisema sauti ya jimbo lao imezimwa na wengi wasiowajua. Lilikuwa lalamiko zuri, lakini lilikosa miguu ya kusimamia. Jumlisha kura zote za Natal za siku ile uone: hazifiki laki moja na themanini elfu, katika jimbo lenye mamilioni ya watu. Wazulu, ambao nchi ni yao, hawakuulizwa. Wahindi, ambao Bunge la Natal liliwafungia mlango wa daftari la kura tangu 1896, hawakuulizwa.

Hawakuulizwa pia ndugu zetu. Pale Bluff, ng'ambo ya bandari, mahali panapoitwa Kings Rest, walikuwapo watu ambao Durban inawaita Wazanzibari. Wengi wao asili yao ni Wamakua. Babu zao waliokolewa na manowari za Waingereza kutoka kwenye majahazi ya watumwa, na kuanzia 1873 wakaletwa hapa kupitia Zanzibar. Walijenga msikiti, walizika wazee wao, wakatunza lugha yao. Wakati wenye kura wanabishana kama wabaki na Malkia, serikali ilikuwa inatafuta namna ya kuwaandika watu hawa kwenye madaftari yake ya rangi. Ikawaita Waasia wa aina nyingine, ikawahamishia Chatsworth, mbali na bahari yao.

Basi jifunze. Ukishindwa na ukataka kulia kwamba sauti yako haikusikika, kwanza jiulize ni nani hakupewa hata nafasi ya kufungua mdomo, na siku hiyo wewe ulikuwa wapi. Kama ulinyamaza aliponyimwa jirani yako, kilio chako hakitapata wa kukiitikia. Weupe wa Natal hawakumpata.

4. Ukiamini umeibiwa, uliza maswali matatu

Sitakuambia uibiwe unyamaze. Huo si uungwana, ni uoga, na watoto wako watakuja kukudai. Ila kabla hujafungua mdomo mbele ya vijana wenye hasira, jibu haya.

La kwanza: una ushahidi, au una hasira? Ushahidi ni fomu ya matokeo ya kituo, yenye namba na saini ya wakala wako. La pili: kuna mahakama inayoweza kukusikia? La tatu: kuna uchaguzi mwingine mbele?

Ukiwa na jibu la ndiyo kwa mawili ya kwanza, funga fomu zako uende mahakamani. Kenya tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, jambo ambalo Afrika ilikuwa haijaliona. Miaka kumi nyuma, baada ya kura ya Desemba 2007, njia ya mahakama haikuaminiwa, watu wakaingia barabarani, na zaidi ya 1,100 hawakurudi nyumbani.

KwaZulu-Natal 1994 ilikuwa ngumu kuliko hizo zote. Nchi haikuwa na daftari la wapiga kura. Kulikuwa na vituo ambavyo tume haikuvitambua, masanduku yenye walakini, karatasi zilizochelewa hadi upigaji kura ukaongezwa siku moja. Inkatha ilipewa viti 41 kati ya 81, yaani kiti kimoja tu zaidi ya vyama vingine vyote kwa pamoja. ANC ya Natal ilikuwa na malalamiko ya kujaza jalada na ilitaka kwenda mahakamani. Viongozi wa kitaifa, Mandela mwenyewe akiwemo, wakaizuia. Jaji Johann Kriegler wa tume akatangaza, na ANC ikameza.

Kwa nini? Kwa sababu walilijibu swali la tatu. Uchaguzi mwingine ulikuwepo, miaka mitano mbele. Kiti kinaweza kungoja miaka mitano. Mtu aliyelala kaburini kule kwenye vilima hatoki hata baada ya hamsini. Nimezungumza na watu wa Inanda waliozika ndugu miaka ile, na hakuna aliyeniambia kwamba angependa ANC ikaze shingo wiki ile ya Mei. Hilo kwangu limetosha.

5. Pokea kiti kidogo, ukikalie vizuri

Baada ya kushindwa, utaitwa. Utapewa kitu kidogo kuliko ulichokitaka. Kiburi kitakuambia ukatae. Kipokee.

Jacob Zuma ndiye aliyekuwa mgombea wa ANC wa uongozi wa jimbo mwaka 1994. Aliposhindwa, Waziri Kiongozi akawa Frank Mdlalose wa Inkatha, na Zuma akaingia katika serikali hiyo hiyo akashika uchumi na utalii. Ng'ambo ya pili, Buthelezi, aliyepata asilimia 10.54 tu nchi nzima, akaingia serikali ya Mandela kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Zaidi ya mara moja Mandela aliposafiri alimwachia ukaimu wa urais. Septemba 1998 Buthelezi alikuwa kaimu rais wakati majeshi yalipoingia Lesotho. Fikiria: mtu ambaye miaka minne kabla chama chake kilikuwa hakimo hata kwenye karatasi ya kura ndiye aliyekuwa ameshika ufunguo wa nchi.

Njia ya mkato ya kurudisha heshima ni hiyo. Fanya kazi uliyopewa mpaka watu wasahau kwamba haikuwa uliyoiomba.

6. Ngoja

Hatua hii ni fupi kuisema na ndefu kuiishi. Mwaka 1999 Inkatha ilipata viti 34 vya bunge la jimbo kati ya 80, ANC 32. Mwaka 2004 ANC ikapata 38, Inkatha 30, na S'bu Ndebele wa ANC akawa Waziri Kiongozi. Miaka kumi ilipita tangu ile siku waliyomeza. Walilipata jimbo bila kulichoma.

Nawe ukishindwa, usiihame kata. Endelea kwenda msibani, endelea kuchangia harusi, uonekane kwenye foleni ya maji. Wapiga kura wanamkumbuka aliyebaki.

7. Usisahau ulichokuwa unakijua

Hatari hii huwapata waliowahi kushindwa vizuri. Mtu aliyemeza mara moja hudhani ameshalipa deni la maisha.

Mei 2024 Jacob Zuma yule yule alirudi na chama kipya, uMkhonto weSizwe. Katika KwaZulu-Natal kikawa cha kwanza kwa mbali: asilimia 45 ya kura, viti 37 kati ya 80. Lakini 37 haifiki nusu. Chama chake kilisema kimeibiwa, wabunge wake wa kitaifa hawakutokea kwenye kikao cha kwanza, kesi ikafunguliwa, kisha chama chenyewe kikaiondoa. Wakati huo huo waliobaki walikuwa wanapiga hesabu: Inkatha 15, ANC 14, DA 11, NFP kiti kimoja. Jumla 41. Thami Ntuli wa Inkatha akawa Waziri Kiongozi, kwa kura za ANC.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Vyama vilivyokuwa vikizikiana watu mwaka 1994 vilipeana mikono vikaunda serikali moja. Walioweza kuketi pamoja walitawala, na aliyekuwa na kura nyingi kuliko wote akabaki nje. Nasema kwa huzuni, kwa sababu mtu aliyeijua hatua ya tano kwa vitendo angeweza kuwa mwalimu wa hii ya saba.

8. Pakua wewe

Tumeingia mlango wa mwisho, na huu unafunguliwa kwa mikono.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria uchaguzi wa chama cha kuzikana cha wahamiaji wanaozungumza Kiswahili hapa mjini: Watanzania, Wakongo, Wakenya wachache. Chama kama hicho si mchezo. Ndicho kinachomrudisha marehemu kwao. Mzee mmoja, mwenyekiti wa siku nyingi, alishindwa na kijana kwa kura tatu. Ukumbi ukawa kimya. Wapambe wa mzee wakaanza kukusanya makoti.

Chakula kilikuwa mezani, cha Durban hasa: boflo zilizokatwa robo robo, sehemu ya ndani ya mkate imetolewa, mchuzi wa maharage na wa mbuzi ukingoja kwenye masufuria. Mzee aliinuka, akaenda mezani, akanawa. Akachukua robo moja, akaijaza mchuzi wa mbuzi kwa upawa, akaifunika na kile kipande cha ndani cha mkate, akaipeleka kwa mikono miwili mbele ya yule kijana. Akamwambia, "Mwenyekiti, karibu." Kijana akasimama, "Shikamoo, mzee." Wapambe wakarudisha makoti kwenye viti. Tulikula mpaka vidole vikawa vyekundu, na chama kile mpaka leo hakijagawanyika.

Zanzibar nako waliwahi kuijua meza hiyo. Baada ya chaguzi zilizoacha damu, mwaka 2010 Maalim Seif Sharif Hamad alipata asilimia 49.1 na Dk. Ali Mohamed Shein 50.1. Tofauti ilikuwa uzi. Maalim Seif akayakubali matokeo, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na usiku ule watu walilala majumbani mwao.

Sote tunajua kusema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Tunaisema vizuri zaidi timu yetu inapokuwa imeshinda. Nakuomba uiseme siku yako ikifika, kwa mikono, mbele ya watu, ukiwa wa kwanza kuufikia upawa.

Kwa hiyo nenda kagombee, na mimi nakuombea ushinde. Ila siku ya matokeo ingia ukumbini na karatasi mbili mfukoni, kama Mandela alivyopewa mbili kule Ohlange. Moja yake ilishindwa, na aliyeibeba hakupungua hata kidogo.